Uongo Niliokutuma Mezani kwa Adam

Mwanangu Keji,

Ya njiani mama yako amekwisha kukuambia yote. Usinunue chakula mpakani, pasipoti iwe mkononi wala si kwenye begi, ukifika Kitale usitoke stendi mpaka umwone shangazi. Mimi hapo sina la kuongeza; mama yako akisema, limesemwa. Ninakuandikia jambo jingine, nalo ninaliandika kwa sababu tangu jana nimejaribu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Kila nilipokuita uani niliishia kukutuma maji ya kunywa. Utakuwa umeshangaa baba yako ana kiu gani.

Jana tulipokuwa tunakula, shangazi alipiga simu. Alisema amekupatia nafasi katika hosteli ya wasichana karibu na shule, chumba cha watu wawili, na mwenzako ni msichana wa Isiolo anayeitwa Halima. Uliposikia jina hilo ukaweka kijiko chini ukasema, "Baba, mwambie anitafutie chumba kingine. Hao watu ndivyo walivyo. Mtu hakai nao karibu." Ndugu zako wakacheka. Mama yako hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Nami nikajifanya nina mfupa katika meno, nikatoka nje kuutafutia kijiti.

Keji, maneno yale ninayajua. Ninajua yalisemwa wapi mara ya kwanza na ni nani aliyeyasema. Niliyasema mimi, nyuma ya jiko la hoteli yetu pale soko la Custom, nikiwa na hasira na kosa likiwa langu, na wewe ulikuwa na miaka kumi, umesimama mbele yangu unalia. Umeyatunza neno kwa neno. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikukunja vibaya, na jana niliona umekaukia hapo hapo nilipokukunjia.

Kwa hiyo hii si barua ya kukugombeza. Nusu ya habari unaijua kwa kuwa ulikuwepo, na nusu nyingine nilikuficha. Nisipokuambia leo, kesho utavuka mpaka na kosa langu ukidhani ni akili yako mwenyewe.

Nianze na babu yako, ambaye hukumjua. Aliuawa shambani na bomu lililodondoshwa na ndege ya serikali ya Khartoum. Tuliobaki tukakimbilia Kenya, na mimi nikakulia Kitale nikiwasikia wakubwa wakitaja Khartoum, Waarabu na Waislamu kana kwamba ni jina moja la mtu mmoja. Hakuna aliyekaa na sisi watoto akatutenganishia. Nilipokuwa kijana nikiona mtu amevaa kanzu, nilikuwa navuka barabara nisipishane naye, hata akiwa ni muuza ndizi asiyejua Sudani iko upande gani. Uchungu wangu ulikuwa wa kweli, sitaki ufikiri baba yako alichukia bila sababu. Lakini mtu anaweza kuwa na sababu na bado akawa mbaya. Hilo nimelijua nimechelewa, na waliolipia kuchelewa kwangu ni watu wengine.

Amani ilipokuja tukarudi Juba, tukafungua hoteli yetu ile ya mabati. Aliyetuonyesha sokoni wapi kuni, wapi maji, nani mwizi na nani mkopaji, ni Rajab. Unamkumbuka, mrefu, mwembamba, mbishi kuliko redio. Alikuwa anabishana juu ya mpira hata na watu wasioujua mpira, na akishindwa anahamia kwenye hali ya hewa. Yeye ndiye aliyekuwa anatuchinjia.

Desturi ya pale ilikuwa hivyo, na Kenya pia niliikuta hivyo: mwenye hoteli akiwa Mkristo, humtafuta Mwislamu amchinjie. Sisi nyama iliyosomewa bismillahi haitudhuru kitu, na wao isiyosomewa hawawezi kuila. Basi anachinja Mwislamu, sufuria inakuwa moja, na madereva wa Garissa, mafundi wa Kampala, askari na wauza nguo wote wanakaa benchi moja wanalaumu pilipili. Hakuna aliyetuwekea sheria hiyo. Ilikuwa ni adabu tu ya watu wanaouza chakula. Malipo ya Rajab yalikuwa kichwa na ngozi, na sahani yake ya mchana.

Na Rajab, mwanangu, ni Mbari kama mimi, kabila la wenyeji wa Juba. Babu yake amezikwa hapa Juba. Vita vyote vya zamani alikaa hapa hapa, chini ya mabomu ya vita vile vile, wakati mimi niko Kitale nacheza kandanda na kunywa chai ya maziwa. Tulipopiga kura ya kujitenga tulisimama mstari mmoja, akanisumbua masikio mpaka sandukuni. Siku ya bendera, tulipopata uhuru, alichinja mbuzi wawili asitake malipo, akacheza ngoma mpaka kilemba kikamvuka. Wewe ndiye uliyekiokota.

Mwezi haukuisha maneno yakaanza. Watu wakirudi kutoka kwenye sherehe wanataka adui, na adui mwenyewe alikuwa mbali kaskazini, hashikiki. Wakaanza kuwaangalia wale wanaoshikika. Hapa Juba Mwarabu wa kaskazini watu humwita mundukuru, na si jina la heshima. Sasa jina hilo likaanza kurushwa kwa kila mwenye kofia ya kuswalia, awe wa kaskazini au awe amezaliwa mtaa wa pili. Mimi nilikuwa nacheka. Ndivyo lilivyoniingia, Keji, kwa kicheko. Lingekuja limekunja uso labda ningeliogopa.

Siku moja bwana mmoja mwenye cheo alikuwa anakula kwetu. Akamwona Rajab anapita na kisu chake, akaniambia kwa sauti ya watu wote kusikia, "Baba Keji, nchi imepata uhuru, wewe bado unachinjiwa na mundukuru?" Watu wakageuka. Nikaona aibu, aibu ya kijinga, ya mtu aliyeambiwa suruali yake imepitwa na wakati. Nikamwita Rajab pale pale. "Rajab, hii sasa ni nchi yetu. Wewe rudi kwenu Khartoum."

Akacheka. Alidhani ni mzaha wetu wa kila siku. "Ana? Khartoum?" akasema, yaani mimi, akijigonga kifua. "Khartoum nitafikia kwa nani?" Watu nao wakacheka. Halafu akaniona sicheki. Akasema taratibu, "Baba Keji, mimi na wewe tulipiga kura mstari mmoja." Nikamwambia sina habari za kura. Akafuta kisu kwenye nguo yake. "Kalas," akasema, yaani basi, yamekwisha, akaondoka. Chakula chake cha mchana kilikuwa kimekwisha kupakuliwa.

Nikuambie na kilichonifanya nisijute siku ile, maana ukijua hili ndipo utanijua. Kichwa na ngozi. Kuanzia kesho yake nikawa nachinja mwenyewe, ngozi nauza, kichwa natengenezea supu. Nikawa najiita mzalendo, na uzalendo wangu ulikuwa na supu ya kichwa ndani yake.

Lakini wateja Waislamu sikutaka waondoke. Sikuwaambia kitu. Waliozoea walidhani Rajab yuko nyuma kama siku zote. Na hapo ndipo unapoingia wewe.

Adam alikuwa anauza vitambaa ng'ambo ya hoteli yetu. Mtu wa Darfur, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Ulikuwa unamwita mjomba. Alikuwa anakuwekea vipande vilivyobaki, nyumba nzima ikajaa mito yako midogo iliyoshonwa upande. Mchana mmoja alikaa, akaivuta sahani, akanusa habari, sijui alisikia nini sokoni. Hakuniuliza mimi. Alikugeukia wewe uliyekuwa unapeleka maji. "Keji, ya biniya," yaani binti, "Rajab iko?"

Ukanitazama. Nilikuwa mlangoni mwa jiko. Ningeweza kusema hayuko. Ningeweza hata kunyamaza. Nilikukonyeza, mwanangu. Nikakuonyesha nyuma kwa kidole gumba, na wewe mtoto mtiifu ukamjibu, "Yuko nyuma, mjomba, anachinja." Adam akatabasamu, akasema mtoto hasemi uongo, akanawa, akala. Na kule jikoni mimi na wapishi tulishikana mabega tukacheka mpaka machozi.

Siku zile niliona ni mchezo. Nimejaribu sana tangu wakati huo kujiambia kwamba ni nyama tu, nyama ni nyama. Lakini kama ni nyama tu, mbona tulicheka? Tulicheka kwa sababu tulijua vizuri tulichokuwa tunamlisha na maana yake kwake. Tulikuwa tunamtemea mate, na kikombe cha kutemea ulikishika wewe. Baada ya siku hiyo ikawa desturi mpya, mtu akiuliza anatumwa Keji, na wewe ukawa hodari wa kujibu hata kabla sijakonyeza.

Mwisho wake ulikuja mchana kweupe. Rajab alipita barabarani, akamwona Adam ameinama juu ya sahani. Akasimama, akamuuliza anakula nyama ya nani. Adam akasema, "Yako." Rajab akasema yeye tangu mwezi wa bendera hajatia mguu pale.

Ninamkumbuka Adam hakupiga kelele. Alilitoa tonge mdomoni, akaliweka pembeni mwa sahani polepole kana kwamba lingevunjika. Akanawa mikono, akasukutua kinywa, akasukutua tena. Kisha akainua macho. Nilijitayarisha kwa matusi yake, nikayapanga na ya kwangu. Hakunitazama hata kidogo, alikutazama wewe. "Maalesh, ya biniya," akasema. Alikuwa anakupa pole. Mtu niliyemlisha haramu kwa mdomo wako alikuona wewe ndiye unayestahili pole, akaenda zake.

Ulinifuata nyuma ya jiko ukilia, ukaniuliza Mjomba Adam amekosewa nini. Mahali pale palikuwa na jibu moja tu la kweli, nami sikulitoa. Nikakuambia, "Hao watu ndivyo walivyo. Mtu hakai nao karibu." Ukafuta machozi. Uliniamini. Kwa nini usingeniamini, mimi ndiye baba.

Madereva wakahamia kwingine, wauza nguo wakahamia kwingine, nikasema waende. Mama yako alikataa kula nyama ya hoteli kuanzia siku ile, akasingizia meno. Sikumwuliza meno yapi.

Sasa nifike kwenye lango. Najua unajua ninachotaka kusema, maana hili hatujawahi kulitaja humu ndani hata mara moja, wewe, mimi wala mama yako.

Vita vipya vilipoanza Juba, ule mwezi wa Krismasi, tulijifungia hapa nyumbani, mtaa wa Hai Malakal, milio ya risasi ikipita juu ya mabati. Watu walikuwa wanasimamishwa barabarani na kuulizwa kabila lao. Maduka ya Custom yalikuwa yanavunjwa, na walioyavunja walitafuta jina la kuuita wizi wao, wakasema mundukuru wanawasaidia waasi. Asubuhi lango letu liligongwa. "Baba Keji, fungua! Mimi iko hapa, Okello! Watu nakuja na bunduki!" Ni Okello, yule Mganda fundi wa bodaboda. Nilifungua. Sikufikiri hata. Nilimvuta ndani kwa kola, mama yako akampa chai.

Alasiri lango likagongwa tena, kidogo, kwa vidole. "Baba Keji. Mimi, Adam. Fungua."

Mama yako alisimama. Nikamshika mkono, nikamkalisha. Adam akagonga tena, akangoja, halafu akaacha kuniita mimi. "Keji," akasema. "Keji, ya biniya, ambia baba fungua." Ulikuwa umekaa sakafuni karibu na ndoo. Ukanitazama kama siku ile ya sahani ya Adam, na mimi nikaweka kidole mdomoni. Ukanyamaza. Tukasikia ndala zake zinakwenda, kisha tukasikia watu wanakuja, kisha tukasikia sauti yake tena, si ya kugonga lango.

Nimewaambia watu, na nilimwambia mama yako usiku ule, kwamba niliogopa. Usilikubali neno hilo, Keji. Niliogopa, ndiyo, lakini asubuhi nilikuwa naogopa vile vile na nilimfungulia Okello. Lango lilikuwa lile lile, bunduki zile zile. Kilichobadilika ni jina tu. Ukitaka kujua moyo wa mtu usimuulize anawachukia nani, maana hakuna atakayekuambia. Tazama alimfungulia nani na nani hakumfungulia, siku moja, kwa hofu moja. Mimi nilijitazama hivyo, na tangu siku hiyo sijapata pa kujificha.

Adam hakufa. Walimvunja mkono wakamwacha barabarani. Alijikokota mpaka mtaa wa Malakia, kwa Rajab, na Rajab akamfungulia.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kwenda. Hali ilipotulia nilikwenda Malakia nikiwa nimebeba sukari, kama mtu anayekwenda kuposa. Rajab alinikaribisha uani, hakunikaribisha ndani. Nikaanza kumweleza habari za baba yangu, bomu, shamba, ili aone nilikotoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniuliza, "Na Adam, unajua alikimbia nini kwao?" Nikasema sijui. Miaka yote ile alikula mezani kwangu, sikuwahi kumuuliza. "Ndege," akasema. "Za Khartoum. Zilichoma kijiji na mama yake ndani." Akainuka akaweka birika motoni. Nilitamani aniambie neno baya, ningepata la kushika.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Wa kwangu nakupa, kwa sababu unanichosha. Wa Adam sina, mimi si duka lake." Nikamwomba arudi kuchinja. Hapo akabisha, Rajab wangu wa zamani, akabisha mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema atarudi kwa masharti. Kwanza nisimame mbele ya benchi zangu niwaambie wateja kwamba kwa muda ule nyama haikuwa halali na niliwadanganya nikijua. Pili, nimwambie mtoto wangu kwamba uongo ule ulikuwa wangu, si wake.

La kwanza nililifanya. Ulikuwa shule. Nilisimama mbele ya sufuria nikasema yote. Dereva mmoja wa Garissa alisimama, akamwaga chai yake mbele ya miguu yangu, akaondoka, na alikuwa na haki. Mwingine akasema Mungu atakuuliza mwenyewe, akaagiza maharage. Yule bwana mwenye cheo alinicheka, akasema nimegeuka mundukuru. Na wengine walirudi polepole, Rajab alipoanza kuonekana na kisu chake na ubishi wake. Siku wahuni walipokuja kutaka kumfukuza tena, nilisimama mlangoni nikawazuia. Usinisifu kwa hilo. Ni kitu ambacho mtu mzima angefanya tangu siku ya kwanza.

La pili sikulifanya. Rajab akiniuliza namwambia bado, mtoto ana mitihani. Namwambia bado, mtoto ana homa. Miaka imepita, mitihani imekwisha. Kumwambia mteja kwamba mimi ni mwongo niliweza, kwa sababu mteja anaweza kwenda hoteli nyingine. Wewe huna baba mwingine, na nilitaka yule uliye naye abaki mrefu kidogo machoni pako. Kwa ajili ya urefu huo nikakuacha ukue na maneno yangu. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nimekula na wewe, sahani moja, mpaka jana.

Huko Kenya utayasikia maneno hayo tena, yamevaa nguo nyingine. Kila bomu likilipuka mahali, msichana mwenye hijabu atashushwa kwenye gari afunguliwe mkoba, na abiria wengine watatazama dirishani. Mwenye nyumba atauliza jina kabla ya kuuliza kama una kodi. Watakuambia wewe ni mwenzao, na utafurahi, kama nilivyofurahi mimi kwa yule bwana mwenye cheo. Kisha siku nyingine watakuita Msudani, watasema Wasudani wanapenda vita, na watashika mikoba yao ukipita. Mimi niliitwa hivyo Kitale utoto wangu wote. Niliijua ladha yake vizuri, na bado niliporudi kwetu nikampikia mwingine.

Sijui Halima ni msichana wa namna gani. Inawezekana anakoroma. Inawezekana ni mchoyo wa sabuni, mkagombana mpaka mkatenganishwa vitanda. Gombana naye kwa hayo, Keji, una ruhusa yangu yote. Lakini iwe ni ugomvi na Halima, mtu mwenye sura na sabuni yake, usiwe ugomvi wangu mimi na ndege iliyomuua babu yako. Na akikuuliza swali kuhusu chakula, sema unachokijua. Usipojua, sema hujui.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nitafute kiti cha pili katika basi lako. Adam, aliyekimbilia Uganda baada ya kutoka kwa Rajab, amerejea. Yuko Nesitu, kwenye barabara ya kwenda mpakani, anauza soda na biskuti pale yanapopumzikia malori. Vitambaa ameacha, mkono ule haukunjiki vizuri, hauwezi kushika mkasi. Rajab humpitia. Nilimtuma Rajab amuulize kama ninaweza kwenda kumwona. Jibu lilikuja wiki iliyopita, na Rajab alinipa kama lilivyo. Adam alisema, "Huyo mtu sina haja naye. Lakini yule msichana, bado anasoma?"

Niliposikia nilikaa chini juu ya gunia la mkaa, nikalia mbele ya wapishi. Nikamwambia Rajab amjibu kwamba msichana anasoma, ana akili, na wiki ijayo atapita Nesitu kwenda shule Kenya. Hiyo ilikuwa kabla ya simu ya shangazi. Rajab amenipigia leo mchana kusema Adam atakuwa amesimama kando ya barabara tangu asubuhi, ana furaha, anataka kukuona umekuwa mkubwa kiasi gani.

Basi litasimama pale. Mimi nitashuka, nimwombe msamaha mbele yako na mbele ya abiria, akinigeuzia mgongo atakuwa na haki yake, na nitarudi Juba kwa miguu au kwa lori. Wewe sikulazimishi. Ukitaka kubaki kwenye kiti chako, baki. Lakini ninamfahamu Adam. Atakuja mpaka dirishani. Atakuuliza unakwenda shule gani, unataka kuwa nani, na kama watu wazima wote, atakuuliza utakaa na nani huko.

Safari hii sitakukonyeza, mwanangu. Utamjibu mwenyewe.

Baba yako